Sidiria ya Atupele

Siku hizo mwanamke hakuruhusiwa kuendesha baiskeli barabarani bila sidiria ya serikali, iliyosoma mapigo ya moyo wake na kutuma habari nyumbani. Mama akifariki, binti alirithishwa hiyohiyo.

Anangisye alimtazama bintiye Sekela akiivaa ile ya marehemu mkewe, Atupele, aliyeanguka akipanda mlima kwenye mashindano.

“Ruka. Nyanyua mikono. Haya, pitisha vidole viwili chini ya mkanda.”

“Havipiti, baba.”

“Hata vya mama yako havikupita. Wakubwa wakasema mashine yao haikosei vipimo. Wao wanapanda magari, watajuaje kifua kinavyobanwa!”

“Itaachia nikiizoea. Nawe baba, utadhani fundi cherehani!”

Sekela akacheka, akapanda baiskeli, akaenda zake.

Punde simu ikalia: “Atupele anapanda mlima. Moyo uko salama.”

Ujumbe uleule ulikuja siku ile, mkewe akiwa amekwisha kulala kwenye lami. Anangisye akanyakua mkasi, akatoka mbio kumfuata mwanawe. Hajafika hata kwenye kona, simu ikalia tena mfukoni.

“Atupele anapumzika. Moyo uko salama.”