Mpishi Asiyepiga Saluti

Kulikuwa na kituo cha polisi cha wanyama. Kilikuwa wapi, msiniulize. Askari walisimama lindo tangu alfajiri hadi jioni bila kupumzika, mpaka siku moja Swala akaanguka getini, akazimia.

Wakapiga kura, wakamchagua Nyati akawasemee kwa mkuu wa kituo, Chui. Nungunungu, mpishi wao, alipotaka kupiga kura naye, wakamcheka. "Wewe ni raia tu, mama. Rudi jikoni."

Nyati alikuwa na sauti ya kutikisa mabati. Akaingia ofisini, akapiga saluti.

"Mguu sawa!" akaamuru Chui, kisha akaendelea kusoma gazeti. Askari akiwa mguu sawa hasemi mpaka aambiwe mguu pande, na Chui hakumwambia. Alipomaliza gazeti akaamuru, "Nyuma geuka! Mbele tembea!" Nyati akatoka bila kusema neno. Akarudi kesho yake na keshokutwa; yakawa yale yale.

Siku ya nne akaingia Nungunungu na aproni yake.

"Mguu sawa!" akafoka Chui.

Nungunungu akavuta kiti, akaketi. "Hiyo waambie askari wako, bwana mkubwa. Mimi ni mpishi. Swala amezimia kwa lindo refu, na sitoki hapa mpaka zamu igawanywe mara mbili."

Chui hakujua kuongea bila kuamrisha. Akatafuta amri ya kumfaa mpishi, akaikosa. Akaandika agizo la zamu mbili, akatia sahihi.

Nje, Nyati akampigia Nungunungu saluti.

"Shusha mkono," akasema Nungunungu, "halafu unieleze shida nyingine."