Hodi kwa Kobe

"Kobe kalala tena! Wiki ya tatu hii, kazi niliyomtumia aikague hajaigusa," mmoja aliandika kwenye ukumbi wa gumzo wa watu wanaojitolea kutengeneza programu huria za kompyuta.

"Mwache bwana, kobe hakimbizwi," mwenzake akamtania.

Mjane wa Kobe aliyasoma hayo kwenye simu, mtoto mgongoni. Akaandika, "Hamna haya?" Akafuta. Kanuni za ukumbi alikuwa amezisoma neno kwa neno: mgeni abishe hodi, ajitambulishe, asimvunjie mtu heshima. Na hawa wangejuaje?

Akaanza upya, kwa kidole kilichopauka kwa sabuni ya kufulia.

"Hodi wenyeji. Mimi ni mke wa Kobe. Hajalala, ndugu zangu. Tulimzika wiki mbili zilizopita. Kazi zenu alikuwa akizitaja mpaka siku ya mwisho. Nawaomba msimcheke."

Akatuma.

Mashine ya ukumbi ikamjibu papo hapo: "Karibu sana, mgeni! Wenzako watauona ujumbe wako wa kwanza ukishapitishwa na mlezi wetu, Kobe."

Chini yake yule wa kwanza akaandika tena: "Kobe, kaka, amka basi."