Masizi ya Sufuria

Kwa miaka kumi na saba Koplo alisafisha bastola za kituo kile cha polisi. Leo, kwa mara ya kwanza, aliamriwa achafue moja.

"Ionekane imepiga risasi nne," Mkuu wa kituo alimwambia, akiiweka bastola yake mezani. "Na ufanye kwa ustadi. Kesho wageni wa makao makuu wataikagua kabla ya kunivika nishani."

Nishani ya ushujaa, jamani! Wiki iliyopita majambazi watatu walivamia kituo mchana kweupe kumtoa mwenzao mahabusu. Askari wengine walikuwa doria. Zikalia risasi nne, kisha kimya. Mkuu na Koplo walipojitokeza, walikuta jambazi mmoja ameshika mguu unaovuja damu, wawili wamelala kifudifudi mikono kichwani, na mama chai anaokota vikombe vyake vilivyovunjika huku akinung'unika. Mkuu alikata shauri palepale kwamba washenzi wale wamepigana wenyewe kwa wenyewe. Kufikia jioni alikuwa amekata shauri jingine, kwamba aliyewapiga ni yeye.

Koplo alitia saini kama shahidi. Angefanyaje? Risasi zilipokuwa zinalia, shujaa mwenyewe alikuwa amejibanza pamoja naye nyuma ya tangi la maji, amemkanyaga kidole gumba na anamwita Mungu kama aliyemkopesha.

Majambazi nao hawakutoa msaada wowote. Kila walipoulizwa nani aliwapiga, wanaume wazima wale waliinamisha macho wakaomba maji ya kunywa.

"Mpaka leo wananiogopa," Mkuu alisema.

Lakini nishani haikumhusu Koplo. Kilichomkosesha raha ni msumari namba sita kwenye ukuta wa ghala la silaha, uliobaki mtupu. Bastola ya gurudumu, ile ya kizamani ya risasi sita, haikuonekana tangu siku ile, maana katika kulikimbilia tangi aliuacha mlango wa ghala wazi. Alipekua kituo kizima, hata darini. Hakuthubutu kumwambia mtu. Kesho wageni wangeanza na msumari wa kwanza, wafike wa sita, na yeye, miezi minne kabla ya kustaafu, angepelekwa gerezani na sare yake mwilini.

Basi akazisafisha zile nyingine kwa bidii, kana kwamba zikimeremeta vya kutosha hakuna atakayeona pengo. Ya dereva ilitoa makombo ya biskuti. Mheshimiwa huyo huiweka mfuko mmoja na kifungua kinywa chake. Ya sajenti, springi yake iliruka, ikampiga Koplo kwenye paji la uso na kujificha chini ya kabati, akaifuata kwa magoti. Ya mpelelezi ilikuwa na pini iliyoshika kutu hata akaibembeleza kwa nyundo nusu saa nzima. Na kama vile shida hazijatosha, chupa yake ndogo ya mafuta na brashi yake vilikuwa vimepotea. Alijua ni dereva tu. Ikambidi aazime mafuta ya cherehani ya mkewe.

Ikabaki ya Mkuu. Koplo alipoifungua na kuchungulia kwenye mtutu, buibui naye akamchungulia. Kwa utando ule, alikuwa mkazi wa siku nyingi.

Akamwita mama chai, mjane wa mwanajeshi, aliyekuwa akiuza chai pale kituoni tangu mumewe afariki. Mama akaja na birika, kikapu cha vikombe na sufuria aliyoombwa, imepinduliwa chini juu.

"Masizi haya ya nini, Koplo?"

"Siri ya serikali, mama."

Mama akamtazama Koplo akimfukuza buibui na kupaka masizi kwa kidole.

"Haya, paka. Lakini masizi ya sufuria hayanuki baruti."

"Wewe baruti unaijulia wapi?"

"Si siku ile kituo kizima kilinuka?" Akammiminia chai. "Na hiyo springi umeiweka kinyume."

"Mama, kila mtu na kazi yake. Wewe chemsha chai."

Koplo akaisukuma bastola ifunge. Ikagoma. Akaisukuma tena, ikagoma tena. Akaigeuza springi upande wa pili, ikafunga.

"Imelegea," alisema.

"Naona," mama chai akajibu.

Huko nje kwenye ukumbi Mkuu alikuwa akifanyia mazoezi hotuba yake. "Nikawakabili peke yangu, bila kurudi nyuma hata hatua moja..." Akasita, akarudia, safari hii kwa sauti nzito zaidi.

"Anasema vizuri," mama chai alisema. "Na kidole gumba chako, kimepona?"

Mkono wa Koplo ukasimama. Habari za kidole hakuwa amemwambia hata mkewe.

Mama chai aliweka birika chini, akaingiza mkono ndani ya kikapu, chini kabisa ya vikombe. Akatoa chupa ndogo ya mafuta, kisha brashi. Halafu akatoa kitu kizito kilichofungwa kwenye kitambaa cha kufutia vyombo, akakifungua, akaenda mwenyewe mpaka ukutani na kukitundika kwenye msumari namba sita.

"Nilitaka kukuomba ruhusa siku ile," alisema, "ila ulikuwa umeshatoka mbio. Nimeisafisha vizuri. Ndani zimebaki mbili."