Zamu ya Tunu

Sheria ni kwamba kikundi hakivunjwi. Mtoto akifariki, sauti yake hutiwa kwenye kisanduku, ikabaki mezani na wenzake mpaka mwaka wa shule uishe. Ndiyo maana Mwalimu Sikudhani bado alikuwa na bintiye Tunu darasani, katika kikundi cha kuotesha maharage kwenye pamba.

Asubuhi hiyo kopo lao lilinuka. Maharage yote yalikuwa yameoza.

"Nani kayamwagilia kupita kiasi?"

Riziki, mwenzake Tunu kikundini, aliinama. "Tunu huniomba nimmwagilie zamu yake. Halafu anasahau, anaomba tena. Nilishindwa kumkatalia, Mwalimu."

"Nimekosea, Mwalimu?" kisanduku kiliuliza. Alipokuwa hai, neno "mama" Tunu alikuwa akiliacha nyumbani, na kisanduku kilijua ya shuleni tu.

"Hujakosea, mwanangu." Akatandika pamba mpya, akapanga mbegu nyingine, akamwagilia mwenyewe.

"Haya yataota lini, Mwalimu?" kisanduku kikauliza.

Riziki alinyoosha kidole, kisha akakishusha taratibu. Jibu walilijua wote, maana walihesabu na kuliandika wenyewe ukutani: siku tano.

Mwaka wa shule ulikuwa unaisha keshokutwa.