Dawa ya Samaki wa Kinyozi

Kidonda kilianza kama mkwaruzo mdogo tu, kinyozi Badi alipokuwa akisafisha tangi la samaki dukani kwake. Samaki wale aliwafuga ili watoto watulie wakinyolewa.

"Kwa dawa hii ya kuua vijidudu niliyokupa wiki iliyopita, ungekuwa umeshapona," alisema daktari, akimshika mkono taratibu asimuumize. "Umewahi kuitumia kabla?"

"Mimi? Hata siku moja. Samaki ndio wanaoitumia."

Akaeleza bila wasiwasi: samaki wakinyong'onyea, yeye hufungua kapsuli ya dawa hiyo, humwaga unga wake majini, na wakichangamka huacha.

Daktari hakucheka. "Kaka Badi, vijidudu vya tangini havikufa vyote. Vilivyobaki vimeizoea dawa, na ndivyo vilivyokuingia mkononi."

"Basi nipe nyingine. Bila mkono huu nitanyoaje?"

"Imebaki aina moja tu ya kujaribu."

Alimchoma sindano, kisha akauzungushia uvimbe mstari wa kalamu. "Uvimbe ukivuka hapa, niite."

Badi aliketi barazani kusubiri. Muuguzi alimletea chai, akamshikia kikombe anywe. Kabla adhuhuri haijaingia, uvimbe ulikuwa umeshaugusa wino.