Vitunguu vya Jumanne ya Uchaguzi

Ghalani kwake kulikuwa na nusu gunia la vitunguu, lakini Leland Kovar alikuwa amesimama dukani asubuhi na mapema, akichagua vingine vitatu.

Hakujua kwa nini. Mikono ilikuwa inajiendea yenyewe. Mkewe, Arlys, ndiye aliyekuwa akitoka hivi kila Jumanne ya uchaguzi kuja kutafuta vitunguu vya supu ya maharage. Vile vya nyumbani, alikuwa akisema, vimeanza kuota. Leland hakuwahi kushuka ghalani kuvitazama.

Arlys alizikwa Agosti, mahindi yakiwa bado mabichi. Leland hakulia. Watu walisubiri alie mpaka wakachoka, wakarudi mashambani kwao.

"Kumbe umeamka!" Jirani yake, Duane Pesek, alimpiga begani kwa nyuma. Duane alikuwa wa chama chekundu kuanzia damu mpaka kofia. "Leo hakuna wa kukufunga kamba, mzee mwenzangu. Twende ukapige kura."

"Nitakwenda."

"Usiseme nitakwenda kama mtu anayeitwa kung'olewa jino! Kura yako imelala miaka mingapi? Iamshe, bwana. Hawa buluu safari hii tunawakalia."

"Nimesema nitakwenda, Duane."

"Arlys, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi hodari. Lakini kwenye siasa alikufungia zizini."

Leland alilipia vitunguu vyake, akatoka.

Si kweli kwamba alifungiwa. Walifungiana. Yeye alikuwa wa chama chekundu kama baba yake, Arlys wa buluu kama mama yake, na kwa miaka mingi lilikuwa jambo la kutaniana tu, kama watu wanaoshabikia timu mbili. Halafu nchi ikachafuka, na nyumba yao nayo ikachafuka. Sikukuu moja ya shukrani maneno yalipanda mezani mpaka binti yao, Jolene, akavaa koti, bata mzinga hajakatwa, akawasha gari akarudi zake jijini Omaha. Leland alilala wiki nzima kwenye banda la trekta.

Arlys ndiye aliyemfuata, na blanketi mkononi.

"Sikiliza, Baba Jolene. Kura yako inaiua yangu, yangu inaiua yako. Tunatoka wawili kwenda kuuana, halafu tunarudi kula sufuria moja. Ya nini? Tukae nyumbani sote."

"Na ukinidanganya?"

"Nikikudanganya, nife mimi kwanza."

Wakacheka, wakapeana mikono.

Tangu hapo, siku ya uchaguzi ilikuwa siku ya supu, mikate ya mdalasini na karata. Arlys ndiye aliyekuwa akishinda. Leland alikaa upande wa dirisha, akitazama pikapu za majirani zikipita kwenda mjini.

"Unatazama nini?"

"Magari."

"Yana nini?"

"Hayana kitu. Gawa karata."

Ilimuuma, lakini alikuwa ametoa mkono wake. Mtu akishatoa mkono, basi.

Watu walipigia kura kwenye kituo cha zimamoto. Magari mekundu ya kuzimia moto yalikuwa yametolewa nje, na ndani kulinuka mpira na kahawa. Foleni ilikuwa fupi. Watu waliosoma shule moja na kuzikiana wazazi walisimama wakitazama viatu vyao.

Leland alipewa karatasi, akaingia kwenye kibanda. Jina la mtu wake lilikuwa pale, kubwa, jeusi. Alilitazama kama unavyotazama picha ya watu ambao huwakumbuki tena. Alisimama hapo mpaka aliyekuwa nyuma yake akakohoa. Kisha akajaza kiduara kimoja kwa wino, akatumbukiza karatasi, akapewa kile kibandiko kidogo cha bendera cha waliokwisha kupiga kura. Akakibandika kifuani.

Nje, Duane alipiga honi na kumtolea ngumi dirishani. "Kidume!"

Leland aliinua mfuko wa vitunguu kumjibu.

Verla Hruska alikuwa ameegemea gari lake, anakunywa kahawa. Alikuwa rafiki wa Arlys tangu utotoni, buluu tupu, na kwenye mazishi ndiye aliyelia kwa niaba ya wote. Aliona kibandiko, akakunja uso.

"Hukungoja hata theluji ya kwanza imwangukie kaburini, shemeji."

"Nimepiga ya buluu," Leland alisema.

Verla akashusha kikombe.

"Ni ya Arlys. Siyo yangu." Sauti yake haikupanda wala kushuka, kama mtu anayesoma bei ya mahindi. "Alikaa nyumbani miaka yote ile kwa ajili yangu. Nikaona nimrudishie walau moja."

Verla aliutazama mlango wa kituo, kisha akautazama mfuko wa vitunguu. Akamwaga chini kahawa iliyobaki.

"Shemeji, Arlys hakukaa nyumbani hata mara moja. Alikuwa anapita hapa kwanza, ndipo anakwenda kununua vitunguu. Alisema hawezi kukuona umekaa dirishani namna ile."

Leland alihamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

"Alipiga kura?"

"Alipiga ya kwako," Verla alisema. "Nyekundu, karatasi nzima, juu mpaka chini. Kila mara."