Vidole Vilivyoliwa na Jembe

"Hizi si alama za vidole, mama. Haya ni madoa," karani wa uchaguzi alisema, akimrudishia mkulima fomu yake ya kugombea udiwani.

Mkulima aliitazama. Wadhamini wake ishirini, wote wa shamba la jumuiya ambalo wenye maghala walikuwa wakilimezea mate, walikuwa wamebonyeza dole gumba mmoja mmoja. Lakini jembe lilishakula mistari ya vidole vyao.

"Ndivyo vilivyo, mwanangu. Wamelima miaka thelathini."

"Utaratibu ni utaratibu. Lete wengine kabla ya saa kumi."

"Wengine? Wenye vidole laini ndio wanaotaka kutunyang'anya shamba!"

Karani aliinua mabega. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

Mkulima aliikunja fomu yake. Ndipo alipoona, mezani kando ya muhuri wa karani, fungu la mchicha lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Fundo lilikuwa la dada yake, mdhamini wa nne.

Alilitia kikapuni.

"Mama! Huo wangu, nimenunua asubuhi!"

"Umelimwa na madoa," alisema. "Katafute mwingine kabla ya saa kumi."